Sarufi Sahihi, Soko Tupu: Uhakiki wa Maelezo ya Zana katika Mchezo wa Kompyuta wa Wanafunzi Wetu

Utangulizi

Makala haya yanahakiki maandishi mafupi sana. Hayajazi hata kurasa mbili, hayana wahusika wala vina, na aliyekusudiwa kuyasoma si binadamu. Ni maelezo ya zana 14 yaliyoandikwa kwa Kiswahili na wanafunzi wetu watatu wa mwaka wa tatu, wakishirikiana na wenzao wawili wa kompyuta, ili yasomwe na wakala wa akili mnemba (wengine huiita akili unde) aliyekuwa akiwasaidia kutengeneza mchezo wa kompyuta.

Huenda msomaji akauliza maandishi ya namna hii yanaingiaje katika kijarida cha Idara ya Kiswahili. Jibu langu lina aibu kidogo. Maelezo hayo yaliletwa kwangu niyasahihishe kabla hayajatumiwa. Niliyasoma jioni moja, nikarekebisha tahajia ya maneno mawili, nikaweka alama ya vema chini ya kila sentensi. Upatanisho wa kisarufi ulikuwa barabara na msamiati ulikuwa sanifu. Siku kumi baadaye mwanafunzi mmoja alinipigia simu. Alinisalimu vizuri kama kawaida yake, kisha akasema, "Mwalimu, soko limekwisha." Sentensi moja kati ya zile nilizozipitisha ilikuwa imefuta kazi ya wiki tatu, na zilibaki siku sita tu kabla ya kuwasilisha mradi.

Mwenzangu wa kompyuta alisema kwamba mashine ilikosea. Tangu siku ile nimeyasoma upya maelezo yale mara nyingi, na sikubaliani naye. Mashine ilisoma Kiswahili tulichoiandikia. Hoja ya makala haya ni kwamba kasoro za maelezo yale ni kasoro za uandishi, tena ni zile zile tunazozipitisha kila muhula katika insha za wanafunzi wetu, kwa kuwa tumezoea kusahihisha sarufi na kumwachia msomaji kazi ya kukisia maana.

Mchezo, wakala na zana

Mchezo wenyewe ulipewa jina la "Soko". Mchezaji huingia sokoni na kikapu, huombwa anunue bidhaa, na kila mara huchagua upatanisho unaofaa: embe hili, machungwa haya, kisu hiki, nyanya hizi. Akikosea, muuzaji hutikisa kichwa na bidhaa hubaki kibandani. Ulikusudiwa wanafunzi wa sekondari hapa Uganda, ambao wengi wao hukutana na Kiswahili wakiwa tayari na lugha mbili au tatu, na hasa wale ambao lugha zao za nyumbani, kama Kiacholi na Kilango, hazina ngeli za namna hii.

Wanafunzi walitumia Godot, injini ya kutengenezea michezo ambayo msimbo wake uliwekwa huru mwaka 2014 na ambayo haidai malipo. Katika Godot kila kitu ni nodi. Muuzaji ni nodi, kibanda ni nodi, na embe ni nodi iliyo chini ya nodi ya kibanda, kama mtoto chini ya mzazi. Nodi zikikusanywa pamoja huwa onyesho, neno ambalo wanafunzi wetu walilichukua kutoka katika somo la tamthilia, na kwa kweli linafaa.

Wakala, kwa upande wake, ni modeli kubwa ya lugha iliyopewa uwezo wa kutenda. Modeli peke yake huandika maneno tu. Ili isogeze embe, lazima mtu aitengenezee zana, yaani kipande cha programu chenye jina, maelezo na parameta, ambazo ni thamani zinazohitajika ili kazi ifanyike. Kampuni ya OpenAI iliwafungulia waunda programu utaratibu wa aina hii mwezi wa Juni 2023. Kampuni ya Anthropic nayo ilitangaza itifaki ya wazi ya kuunganisha modeli na zana mwezi wa Novemba 2024, na tangu hapo watu wengi wameziunganisha injini za michezo kama Godot, Unity na Unreal na mawakala kwa njia hiyo.

Ifahamike kuwa, katika utaratibu huu, wakala hapewi msimbo ulio ndani ya zana. Hupewa jina, maelezo na orodha ya parameta. Kwa maneno hayo machache huamua zana ipi inafaa, itumike lini na ipewe thamani gani. Programu hutekeleza, humrudishia matokeo, naye huyasoma na kuamua hatua inayofuata. Kwa wakala, zana ni yale maneno yanayoieleza.

Wanaosoma pragmatiki wanayo nadharia ya kuyatazamia maandishi haya. J. L. Austin, katika kitabu chake cha mwaka 1962, alionyesha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda, na kwamba tendo hilo hufaulu pale tu masharti yake yanapotimia. H. P. Grice, katika makala yake ya mwaka 1975, alieleza kanuni za ushirikiano katika mazungumzo: msemaji aseme kiasi kinachohitajika, aseme kweli, ahusike na mada, na aepuke utata. Wanafunzi wetu huzikariri kanuni hizi kwa ajili ya mtihani. Hapa tunazikuta zikifanya kazi mahali ambapo kuzivunja kuna gharama.

"Hutoa matunda sokoni"

Zana ya tatu katika orodha iliitwa toa_matunda, na maelezo yake ni haya: "Hutoa matunda sokoni." Ni maneno matatu, hayana kosa. Mwandishi alikusudia kusema kwamba zana hii hutengeneza matunda mapya na kuyaweka sokoni mchezo unapoanza.

Lakini kitenzi "kutoa" kina mambo mengi. Mti ukitoa matunda, matunda yanakuja. Mama akitoa matunda kikapuni, matunda yanaondoka. Mwalimu wa hesabu hutoa tatu katika tano. Kiambishi cha mahali -ni nacho hakimsaidii msomaji, kwani "sokoni" inaweza kuwa mahali matunda yanakotoka, yanakokwenda au yalipo. Katika mazungumzo hatupati tabu, kwa sababu msemaji yuko mbele yetu, tunaona mkono wake unaelekea wapi, na tukiwa na shaka tunamuuliza. Katika maelezo ya zana mkono hauonekani.

Siku moja wanafunzi walimwandikia wakala, "Toa matunda yaliyooza sokoni." Wakala alifanya jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Alitafuta zana ya kutoa matunda sokoni, akaipata, akaipa aina ya matunda: yaliyooza. Matunda yaliyooza yakaongezeka. Alipotazama orodha na kuona kuwa bado yapo, akaiita zana ile mara ya pili. Wanafunzi walicheka sana, nami nilipohadithiwa nilicheka. Hatukuirekebisha sentensi. Walimwambia tu wakala atumie zana nyingine, mambo yakaendelea. Lilikuwa onyo la kwanza, na tulilifanya kichekesho.

Sentensi ile ingeweza kuandikwa hivi: "Huongeza matunda mapya katika kibanda kilichotajwa. Haigusi matunda yaliyopo. Kwa kuondoa tunda, tumia futa_tunda." Jina nalo libadilike, liwe ongeza_matunda. Tazama sentensi ya pili, ambayo ni ya kukanusha. Walimu wa insha tumezoea kumshauri mwanafunzi aseme jambo lilivyo, asipoteze maneno kusema lisivyo. Ushauri huo haufai kikamilifu hapa. Zana mbili zinapokaribiana kimaana, ukanushi ndio unaochora mpaka kati yao.

Aidha, kuna suala la dhamira ya kitenzi. Maelezo mengine yalianza na hu- ya mazoea, mengine yalianza na amri, kwa mfano "Panga upya bidhaa zote." Nilipoyasahihisha nilidhani ni tofauti ya mtindo tu. Lakini maelezo ya zana humfikia wakala katika mkondo mmoja wa maandishi pamoja na maagizo ya mtumiaji. Kiambishi hu- hueleza tabia ya zana, ilhali kitenzi cha amri kinaweza kusomwa kama agizo linalotaka kutekelezwa. Mwaka 2025 wataalamu wa usalama wa kompyuta walionyesha kwamba mtu mwenye nia mbaya anaweza kuficha amri ndani ya maelezo ya zana na wakala akaitii. Wanafunzi wetu hawakuwa na nia mbaya, lakini mlango ni ule ule. Kwa hiyo ninapendekeza hu- itumike katika maelezo yote, na amri iachwe kwa mtumiaji.

Kikapu, kibanda na kiambishi -ki-

Zana ya sita ilielezwa hivi: "Huweka kikapu ndani ya kibanda na kukizungusha kwa pembe iliyotajwa." Kinachozungushwa ni kipi? Kiambishi -ki- kinapatana na kikapu, na kinapatana na kibanda vile vile. Mchezo wa kufundisha ngeli ulikwazwa na ngeli.

Kiswahili kina neema katika jambo hili. Viambishi vyake vya ngeli hutenganisha virejelewa pale ambapo lugha nyingine hutumia kiwakilishi kimoja kwa vitu vyote. Kikapu kingewekwa juu ya meza, pasingekuwa na utata, maana -ki- ingeelekea kwenye kikapu na -i- ingeelekea kwenye meza. Lakini nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja, neema hiyo hutoweka, na mwandishi aliyezoea kuitegemea hagundui kwamba imetoweka. Dawa yake ni nyepesi: irudie nomino. "Huweka kikapu ndani ya kibanda, kisha huzungusha kikapu." Katika insha tunawakata wanafunzi alama kwa takriri za namna hii. Katika maelezo ya zana, takriri ni adabu kwa msomaji.

Wakala alikizungusha kibanda, muuzaji akiwa ndani. Wala mambo hayakuishia hapo. Parameta iliitwa "pembe", na hakuna mahali palipotaja kipimo. Wakala aliandika 90, bila shaka akikusudia digrii. Katika Godot, sifa ya mzunguko inapoandikwa ndani ya msimbo hupimwa kwa radiani, ingawa dirisha la kuhariri humwonyesha mtu digrii. Radiani 90 ni mizunguko 14 kamili na takriban digrii 117 juu yake. Kibanda kikatua kimelala upande, na zana ikarudisha neno moja: "Tayari."

Anayeona kwamba kipimo ni jambo dogo akumbuke chombo cha anga cha Marekani, Mars Climate Orbiter, kilichopotea mwezi wa Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa takwimu kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kana kwamba ni vya metriki. Kila upande ulikuwa sahihi kwa hesabu yake. Kilichokosekana ni jina la kipimo. Kwa zana yetu, parameta ingeitwa pembe_kwa_digrii, kazi ikaisha. Jina la parameta nalo ni sehemu ya maelezo, na pengine ndiyo sehemu inayosomwa kwa makini zaidi.

Hali kadhalika, jibu la zana ni sehemu ya utunzi. "Tayari" haimwambii wakala kilichotokea. Lau zana ingerudisha "Kibanda cha 2 kimezungushwa digrii 5,157", wakala angeshtuka mwenyewe na kurekebisha. Makosa nayo yaelezwe hivyo hivyo. "Imeshindikana" ni neno la kumfukuza mtu mlangoni. "Hakuna kitu chenye jina embe, yaliyopo ni embe_1, embe_2 na embe_bichi" ni jibu linalomwonyesha njia.

Juu, chini na mahali

Maelezo mawili yalihusu nafasi. La kwanza: "Hupandisha kitu kwa kiasi kilichotolewa." Kwa msemaji yeyote wa Kiswahili, kupanda ni kwenda juu. Lakini katika michezo ya pande mbili ya Godot, hesabu huanzia pembe ya juu kushoto ya skrini, na mhimili wa wima hukua kuelekea chini. Zana ilichukua 50 iliyopewa na wakala ikaijumlisha, na embe likashuka pikseli 50. Zaidi ya hayo, "kiasi kilichotolewa" kinaturudisha kwenye kitenzi kile kile cha kutoa: ni kiasi ulichopewa au kiasi kilichopunguzwa?

La pili: "Huweka kitu mahali palipotajwa." Hapa Kiswahili kinajivunia utajiri, maana tunatofautisha palipotajwa, kulikotajwa na mlimotajwa, yaani mahali mahususi, mahali pasipo dhahiri na mahali pa ndani. Mwandishi alichagua pa-, na kisarufi alichagua vyema. Hata hivyo, pa- haisemi mahali hapo pamehesabiwa kuanzia wapi. Katika Godot, nafasi ya kawaida ya nodi huhesabiwa kuanzia kwa mzazi wake, na kuna sifa nyingine kwa nafasi inayohesabiwa kuanzia mwanzo wa ulimwengu wa mchezo. Katika Unity mambo yamegeuzwa: neno la kawaida la nafasi lina maana ya ulimwengu mzima, na ile ya mzazi ndiyo yenye jina la pekee. Hata neno "juu" halina maana moja, kwani katika Unity juu ni mhimili wa Y na kipimo cha kawaida ni mita moja, ilhali katika Unreal juu ni mhimili wa Z na kipimo ni sentimita.

Wakala amesoma maandishi mengi ya injini zote hizo. Akikutana na "mahali" bila ufafanuzi, hana budi kukisia, na makisio yake yatabadilika kutoka ombi hadi ombi. Sentensi inayofaa ni ndefu kidogo: "Huweka kitu katika nafasi ya x na y kwa pikseli, ikihesabiwa kuanzia pembe ya juu kushoto ya soko lote. y ikiongezeka, kitu hushuka." Sentensi hii haina uzuri wowote, lakini hakuna anayeweza kuisoma kwa namna mbili.

"Husafisha onyesho"

Sasa nifike kwenye sentensi iliyolimaliza soko. Zana ya 11 iliitwa safisha_onyesho, na maelezo yake ni maneno mawili: "Husafisha onyesho." Aliyeiandika alikuwa akifanya majaribio, naye alitaka njia ya haraka ya kuanza upya. Kwa hiyo zana ilifuta kila nodi iliyokuwamo katika onyesho lililofunguliwa, kisha ikahifadhi faili. Kichwani mwake aliona ubao wa darasani: unaufuta, unabaki mweusi, unaandika tena.

Msomaji mwingine ataona nyumba. Anayesafisha nyumba huondoa uchafu na kuacha vyombo mahali pake. Hakuna anayeisafisha nyumba kwa kuibomoa. Mwanafunzi aliposema, "Safisha soko, ondoa vitu vya majaribio", alikuwa akifikiria nyumba. Wakala alisoma orodha, akaiona zana inayosafisha, akaiita mara moja. Vibanda vyote vikafutika, pamoja na bidhaa 120 ambazo wanafunzi walikuwa wameziunganisha moja moja na ngeli zake kwa mkono. Nakala ya akiba haikuwapo. Orodha ya maneno ilisalimika, kwa kuwa mmoja wao alikuwa ameiandika katika daftari. Upangaji na uunganishaji wote ulipotea.

Inafaa kutazama jinsi injini yenyewe ilivyo makini kuliko tulivyokuwa sisi. Godot ina amri ya kuitenga nodi na mzazi wake, ambapo nodi huacha kuonekana lakini bado ipo na inaweza kurudishwa. Ina amri nyingine ya kuifuta nodi kabisa mwishoni mwa fremu. Ni vitendo viwili vyenye majina mawili. Nasi Kiswahili hakikutunyima vitenzi: kuficha, kutenga, kuondoa, kufuta, kuangamiza. Kila kimoja kina uzito wake. Tuliviacha vyote tukachukua "kusafisha", kitenzi kizuri cha heshima kinachoficha kisu.

Kwa lugha ya Austin, maelezo yale yalitaja tendo bila masharti yake. Hayakusema tendo linafaa lini, kwa ruhusa ya nani, wala kwamba halirudi nyuma. Hivi ndivyo yanavyosomeka baada ya kuandikwa upya, chini ya jina jipya la futa_onyesho_zima: "Hufuta kabisa nodi zote za onyesho lililofunguliwa, kisha huhifadhi faili. Kitendo hiki hakiwezi kutenguliwa. Hutumika pale tu mtumiaji anapoomba kufuta onyesho zima na kulitaja kwa jina. Kwa kuondoa vitu vya majaribio peke yake, tumia futa_vya_majaribio. Hurudisha idadi ya nodi zilizofutwa."

Lazima niseme kwa haki kwamba maelezo si kufuli. Zana yenye uwezo wa kufuta kila kitu ilipaswa kutengeneza nakala kwanza, au kusimama na kumuuliza mtumiaji. Itifaki niliyoitaja ina alama za kuonyesha kama zana husoma tu au inaweza kuharibu, na isipowekwa alama yoyote huchukuliwa kuwa inaweza kuharibu. Lakini itifaki hiyo hiyo inaziita alama hizo vidokezo, haiziiti dhamana. Kwa hiyo wenzetu wa kompyuta wana sehemu yao katika msiba huu, nami nimewaambia. Sehemu yao haiifuti yetu.

Je, maelezo marefu ni bora?

Baada ya tukio lile, wanafunzi waliandika upya maelezo yote, na mengine yalifika nusu ukurasa. Moja lilianza hivi: "Zana hii ni muhimu sana na ya kisasa katika kuboresha mandhari ya soko letu." Huku ni kukimbilia upande wa pili wa kosa lile lile. Kanuni ya Grice kuhusu kiasi ina pande mbili: usipunguze, usizidishe. Maelezo ya zana zote huwekwa mbele ya wakala hata kama atatumia moja tu, na sentensi za sifa hujaza nafasi na kuyafunika yale yenye maana.

Mwongozo uliochapishwa na Anthropic mwezi wa Septemba 2025 unamshauri mwandishi afikirie jinsi ambavyo angemweleza mwajiriwa mpya zana hiyo. Ni ushauri mzuri, lakini naona haufiki mwisho. Mwajiriwa mpya ana macho. Anaweza kumuuliza jirani yake, na akishika kitu kisichofaa ataona uso wa mkubwa wake ukibadilika. Wakala mara nyingi husonga mbele na maneno aliyonayo. Mfano unaomkaribia zaidi ni mgonjwa aliyefika nyumbani usiku na bahasha ya dawa iliyoandikwa 2 x 3. Je, ni vidonge viwili mara tatu, au vitatu mara mbili? Duka limefungwa, na aliyeandika amelala. Mwandishi wa zana anamwandikia mtu huyo.

Kwa hiyo urefu usipimwe kwa idadi ya maneno. Tupime kwa maswali ambayo msomaji angeuliza lau angeweza. Mimi nimeyaona matano. Zana inafanya nini hasa? Inakigusa kitu gani, na haigusi kipi? Kila thamani ina kipimo gani, na inahesabiwa kuanzia wapi? Itumike lini, na lini itumike nyingine badala yake? Ikimaliza inarudisha nini, na je, tendo linaweza kutenguliwa? Sentensi isiyojibu lolote kati ya hayo ikatwe. Swali lisilo na jibu liandikiwe sentensi.

Mapendekezo kwa walimu na wanafunzi

Kwanza, walimu wenzangu, tubadili namna ya kusahihisha. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiuliza, "Je, sentensi hii ni sahihi?" Swali la pili liwe, "Je, msomaji mwaminifu anaweza kuielewa vingine?" Sentensi zote nilizozihakiki hapo juu zinapita katika swali la kwanza na kuanguka katika la pili.

Pili, kuna jaribio lisilogharimu chochote. Mpe mwanafunzi ambaye hajaona mchezo maelezo ya zana peke yake, umwambie atabiri kitakachotokea. Niliandika "Hutoa matunda sokoni" ubaoni nikaliuliza darasa la mwaka wa kwanza kama matunda yanaongezeka au yanapungua. Darasa liligawanyika, wakaanza kubishana. Ubishi ule ulinifundisha zaidi ya alama zangu 14 za vema.

Tatu, wanafunzi wa Kiswahili wasikubali kuambiwa kwamba kazi hii ni ya watu wa kompyuta. Anayejua tofauti kati ya kuondoa na kufuta, anayejua -ki- inarejelea nini, na anayeona kwamba -ni ina maana tatu, huyo ana ujuzi unaohitajika hapa. Lakini ujuzi huo hautamfaa kitu kama hajauliza zana inafanya nini. Mimi nilisahihisha maelezo 14 bila kuuliza hata mara moja, na hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote.

Nne, kwa wanafunzi, hili hapa zoezi. Andika upya maelezo yafuatayo, kisha mpe mwenzako atabiri: "Humwekea mchezaji chungwa." Angalia kauli ya kutendea. Je, chungwa linawekwa kikapuni mwake, miguuni pake, au linahifadhiwa kwa niaba yake? Nitafurahi kupokea majibu katika ofisi ya Idara.

Hitimisho

Wanafunzi wale walijenga upya vibanda vitatu katika siku sita, wakawasilisha mradi. Walifaulu, ingawa hawakupata alama walizostahili. Tangu hapo wameendelea na kazi kwa hiari yao, na soko linajaa polepole. Mwezi uliopita yule aliyenipigia simu aliniletea maelezo ya zana mpya mbili. Aliponikabidhi karatasi alisema, "Mwalimu, safari hii uniulize kwanza." Nilimuuliza maswali yote matano. Kwa swali la tatu hakuwa na jibu, akaichukua karatasi yake akaenda kuandika upya. Sikuweka alama ya vema, naye hakuidai.